Darasa la jioni la neema na uteule hapa Moshi: nyota 4, ile moja imebaki Warumi 9

Wapendwa habari zenu. Alhamisi iliyopita nimemaliza lile darasa la jioni la kuhusu neema, imani na uteule wa Mungu (yaani je, Mungu ndiye anayemchagua wa kuokolewa au mtu ndiye anayechagua kuamini), lile ambalo tangazo lake lilibandikwa mpaka kwenye nguzo za stendi hapa Moshi, na kwa kuwa watu kama saba wameshaniuliza inboksi kama inafaa kutoa hela yao naona niandike mara moja kila mtu asome. Mimi ni fundi cherehani, nasali KKKT, kanisa la Kilutheri, tangu utoto, sijasoma chuo cha Biblia, kwa hiyo naongea kama mteja aliyelipa akakaa kwenye benchi wiki nne.

Bei ni elfu 20 kwa wiki 4, Jumanne na Alhamisi saa 11 jioni mpaka saa 1 usiku, ukumbi mdogo upande wa Majengo. Unalipa kwa simu, meseji ya kuthibitisha ilikuja hapohapo. Chai ya tangawizi na maandazi mawili ipo ndani ya hiyo hela. Ila kopi za notsi ni elfu 5 pembeni na hilo kwenye tangazo halikuandikwa, na kopi zenyewe zimefifia kurasa tatu za mwisho huoni kitu. Kuanza saa 11 sahau, ni saa 11 na nusu kwenda mbele, siku moja tulianza saa 12 kasoro kumi na watu wengine tunatoka mbali.

Walimu wako wawili na hapa ndipo penyewe. Mmoja ni mchungaji mstaafu wa Kilutheri, mwenyeji wa Machame, mzee mpole sana, anaongea taratibu mpaka unaogopa atasinzia ila hasinzii. Mwingine ni mwinjilisti kijana wa Kipentekoste anayetoka Arusha kila siku ya kipindi, kilomita kama 80 na Costa, anafika ana vumbi anaomba maji anaanza. Hawa wawili hawakubaliani. Na waandaaji wamewaweka makusudi meza moja, na mimi nilikuja nikiogopa tutashuhudia watumishi wa Mungu wanarushiana maneno, haikutokea hata siku moja, kijana kila akisimama kumpinga mzee anaanza na "Shikamoo baba mchungaji" na mzee anaitikia "Marahaba mwanangu, haya nikosoe". Nilipenda sana hiyo.

Jioni ya kwanza mzee hakufungua hata Biblia. Aliuliza nani humu ametoka Kibosho, Kilema, Rombo, mikono ikanyooshwa, akauliza wangapi kati yenu ni Wakatoliki, karibu mikono yote ikabaki juu. Akauliza Machame, Marangu, Old Moshi, karibu wote Walutheri. Akasema wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Mlima Kilimanjaro 1893, mapadre wa Kikatoliki nao walikuwa na upande wao, haya niambieni nani kati yenu alichagua azaliwe ng'ambo ipi ya mto? Kimya. Yaani ukumbi mzima kimya unasikia muziki wa baa ya jirani tu (hiyo baa nitairudia). Mimi bibi yangu ni wa Machame, sijawahi hata siku moja kujiuliza ingekuwaje angezaliwa Kibosho, leo ningekuwa nashika rozari na ningekuwa na uhakika uleule nilionao. Basi mwinjilisti akasimama akasema kweli kabisa baba, ila kuzaliwa Machame hakujamwokoa mtu, kila mmoja lazima aitike mwenyewe jina lake likiitwa. Mzee akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mjadala wote wa wiki nne ulikuwa umeshawekwa mezani pale na hakuna aliyetaja neno gumu hata moja.

Kipindi cha historia kilikuwa kizuri ila cha haraka. Nilichotoka nacho ni kwamba haya mabishano hayakuanzia Facebook. Agostino, askofu aliyesema mtu hawezi kitu bila neema, na Pelagio, aliyesema mtu anaweza kutenda mema kwa nguvu zake, walishaparangana, Pelagio akakataliwa na mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago 418, halafu 529 kule Orange Ufaransa wakasema hata ule mwanzo wa kuamini unatoka kwa neema, na palepale wakakataa kabisa wazo kwamba Mungu amempangia mtu yeyote uovu. Hicho cha pili wengi wanaopenda kubishana hawakitaji. Kisha msomi Mkatoliki Erasmus akaandika kutetea hiari ya mtu 1524, Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, akamjibu 1525 kwa kitabu kizima. Na jambo lililonishangaza ni hizi "pointi tano" za uteule za wafuasi wa Calvin (mwalimu wa Matengenezo ya kanisa aliyefuata baada ya Luther) ambazo vijana wetu wanazibeba kama beji, kumbe waliotangulia kuandika pointi tano ni upande wa pili, wafuasi wa Arminius, mwalimu aliyesema mtu anaweza kuikubali au kuikataa neema, kule Uholanzi mwaka 1610, mwenyewe Arminius alikuwa ameshafariki 1609, na hizi za Kikalvini zikaja kama majibu kwenye sinodi (mkutano wa kanisa) ya Dort 1618 na 1619. Na Arminius mwenyewe alifundisha kwamba mtu hawezi kumgeukia Mungu bila neema kumtangulia. Mwinjilisti alilisema hilo kwa uchungu, alisema jamani sisi wa upande wa Arminius tukiitwa watu wa kujiokoa wenyewe tunasingiziwa, na nilimwona kweli ameumia. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaosingizia, nimeacha.

Sasa Alhamisi ya wiki ya pili. Hii ndiyo iliyobeba darasa lote na ningeilipia hiyo peke yake elfu 20.

Mzee alisema fungueni Waefeso 2:8, Biblia ya Union, ile iliyotoka 1952, tusome wote kwa sauti. "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Akauliza swali la darasa la tano: hiyo ni ipi? Kitu gani ni kipawa? Mama mmoja mbele akasema neema. Kijana mmoja akasema imani. Mwingine akasema hata njia inaweza kuwa hiyo. Na wote wako sahihi kwa Kiswahili! Neema hiyo, imani hiyo, njia hiyo, zote ngeli moja, sarufi haikusaidii. Nimesoma huu mstari tangu kipaimara, nimeuimba, nimeuona nyuma ya hiace, sijawahi kuona kwamba ndani yake kuna mlango unafunguka pande tatu. Kama hiyo ni imani basi hata kuamini kwangu nimepewa. Kama hiyo ni neema basi nimepewa neema na kuamini labda ndio mchango wangu. Tukabishana nusu saa nzima, chai ikapoa.

Ndipo akaeleza kwamba kwenye Kigiriki neema na imani yote ni maneno ya kike, ila hilo neno "hiyo" si la kike wala la kiume, kwa hiyo haliwezi kukaa vizuri juu ya moja kati ya hayo mawili, linabeba habari nzima, yaani kuokolewa kwote kwa neema kwa njia ya imani, mzigo mzima ni kipawa. Na akasema Calvin mwenyewe alipoufafanua mstari huu alisema Paulo anamaanisha wokovu ndio kipawa, si imani. Vijana wetu wa pointi tano walitazamana. Lakini mzee hakuwaacha wanyonge, akawapeleka Wafilipi 1:29, "mmepewa kwa ajili ya Kristo, si kumwamini tu, ila na kuteswa kwa ajili yake", haya hapo kuamini kumepewa au hakukupewa? Kila upande ulipata cha kwenda nacho nyumbani kufikiria. Hivyo ndivyo mtu anafundisha.

Halafu akageukia neno lenyewe la kuokoka. Sisi huku tunasema nimeokoka, mpendwa umeokoka lini, ameokoka yule. Paulo pale anasema mmeokolewa. Akachukua sahani ya maandazi akaiinua, akasema sahani ikivunjika hamjui nani kaivunja, inaweza ikawa imeanguka tu, ila nikisema sahani imevunjwa lazima kuna aliyeivunja hata kama simtaji. Nimeokoka inakuacha wewe peke yako kwenye sentensi. Nimeokolewa, kuna mtu mwingine humo ndani. Mwinjilisti akasimama palepale, shikamoo baba, lakini Matendo 16:31 Biblia hiyohiyo inasema "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako", kwa hiyo neno letu si la kutupwa. Mzee akasema umenikosoa sawasawa, andikeni hiyo. Na tukaandika.

Naomba niseme na la kwangu kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini natoa nyota hizi.

Mama yangu alipooza upande mmoja, akalala miezi minne. Kuna kikundi cha maombi nilikuwa naenda wakati ule, sikitaji, na mwezi wa tatu kiongozi mmoja aliniambia mbele ya watu kwamba Mungu ameshamaliza kazi yake, kilichobaki ni imani yangu, na imani yangu haitoshi. Nikafunga siku tatu. Nikafunga saba. Nilikuwa nakaa kando ya kitanda nimemshika mama mkono huku najipima ndani, leo naamini kiasi gani, jana ilikuwa zaidi ya leo?, kama mgonjwa wa sukari anavyojipima asubuhi na jioni. Mama akafariki alfajiri ya Jumatano. Na mimi kwa miaka sita nimeamini kwamba nilimuua kwa imani ndogo. Sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu.

Siku ile ya wiki ya pili, muda wa maswali, nikanyoosha mkono nikauliza, sikutaja habari ya mama, nikauliza tu, mchungaji mtu atajuaje kama imani yake inatosha. Mzee hakujibu haraka. Kabla hajafungua mdomo mama mmoja anayeuza ndizi sokoni Mbuyuni, Mkatoliki, akaomba aseme kidogo. Akasema mtoto ukimbeba mgongoni naye anakushika, anashika gauni na vidole vyake vidogo, ni kweli anashika, lakini hivi kinachomzuia asianguke ni vile vidole? Ni fundo la kanga. Akainuka akajigeuza akaonyesha fundo lilipo, hapa kifuani, mahali ambapo mtoto mgongoni hapaoni kabisa.

Nililia pale. Watu walidhani nimeguswa na Roho na labda ni kweli.

Mwinjilisti alisema mama huo mfano ni mzuri mno ila mtoto akikua anashuka mgongoni kwa miguu yake, Waebrania 6 inaonya watu walioonja kipawa cha mbinguni wakaanguka, tusiwaambie watu fundo limefungwa hata wakitaka kushuka. Na nadhani ana hoja, sitaki kumpuuza. Mama wa ndizi akamjibu akishuka je mama mtu hageuki nyuma kumtafuta? Hapo tukaishia, saa 2 kasoro, na mlinzi anataka kufunga.

Mzee akanifuata nje kwenye giza akaniuliza nani alikuambia haitoshi. Nikamweleza yote. Akasema nikumbushe ulichosoma kipaimara, maelezo ya sehemu ya tatu ya imani, Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha mafundisho cha Luther. Nikaanza kuisema, ile kwamba naamini kuwa siwezi kwa akili zangu wala kwa nguvu zangu kumwamini Yesu Kristo wala kuja kwake, ila Roho Mtakatifu ameniita kwa Injili. Nilipofika hapo nikasimama. Niliikariri nikiwa na miaka 14 nikaisema mbele ya kanisa nimevaa gauni jeupe, na niliibeba miaka yote hiyo kama mtu anayebeba risiti mfukoni huku analipa tena deni lilelile. Luther aliiandika 1529. Naamini kwamba siwezi kuamini kwa nguvu zangu. Sasa ile mizani niliyokuwa najipimia kando ya kitanda cha mama nani alinipa?

Haya, tuendelee na darasa.

Wiki ya tatu walifundisha vizuri kuhusu Matendo 13, kwamba sura moja hiyohiyo mstari wa 46 Wayahudi wanalisukumia neno mbali na kujiona hawastahili uzima wa milele, na mstari wa 48 "waliokuwa wamekusudiwa uzima wa milele wakaamini", mstari mmoja tu katikati ya hiari ya mtu na kusudi la Mungu na Luka haoni haja ya kutueleza vinakaaje pamoja. Mzee alieleza msimamo wa Kilutheri wa ile Kanuni ya Makubaliano ya 1577, kwamba anayeokoka sifa zote ni za Mungu na anayepotea lawama ni yake mwenyewe, Mungu hakumchagua mtu yeyote kwa ajili ya kupotea. Ukiuliza sasa mbona hesabu haifungi, atakuambia haifungi, na yeye yuko radhi isifunge kuliko kufuta mstari. Kuna watu hili liliwaudhi, mimi liliniridhisha. Kulikuwa pia na habari ya Wesley na Whitefield, wahubiri wa Kiingereza, marafiki waliogombana hadharani kwa jambo hilihili kuanzia 1739, lakini Whitefield alipofariki 1770 Wesley ndiye aliyehubiri ibada ya kumkumbuka London. Na kwamba Walutheri na Wakatoliki walisaini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki (jinsi Mungu anavyomkubali mwenye dhambi) tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg. Mama wa ndizi alikuwa hajui na mimi nilikuwa sijui, tumekaa sokoni na mtaani miaka yote tukiambiana ninyi mnaokoka kwa matendo, ninyi mnaokoka kwa maneno.

Sasa nyota niliyoiacha.

Warumi 9 waliiweka Alhamisi ya mwisho. Jioni moja! Umeme ukakatika saa 12, jenereta ikachukua dakika 20 kuwaka, baa ya jirani wao jenereta lao liliwaka mara moja na muziki juu, mwinjilisti anapiga kelele kusoma habari za Yakobo na Esau huku nje watu wanashangilia mpira. Tukafika Farao, tukafika mfinyanzi na udongo, vyombo vya ghadhabu, yaani watu wa kuangamia, saa ikaisha, tukaomba tukaondoka. Jamani huwezi kumwacha mtu pale. Watu wametoka mle ndani wana hofu, dada mmoja tuliyeongozana naye mpaka kwenye bodaboda aliniuliza kwa sauti ya chini, kwa hiyo mimi naweza kuwa chombo cha ghadhabu na nisijue? Sikuwa na la kumjibu. Nimefika nyumbani nikaendelea kusoma mwenyewe na taa ya simu, 10, 11, mpaka 11:32, "Maana Mungu amewafunga wote pamoja katika kuasi ili awarehemu wote", nikampigia saa 4 usiku nikamsomea. Paulo hakuishia kwa mfinyanzi, alienda mpaka rehema kisha akaishia kumsifu Mungu ambaye njia zake hazichunguziki, hizo sura tatu ni pumzi moja, ukiikata katikati unamnyonga msikilizaji. Waandaaji kama mnasoma hapa naomba sana, Warumi 9 mpaka 11 wapeni wiki nzima, punguzeni historia kama lazima, na msiiweke mwisho.

Kingine, mwinjilisti apewe muda sawa. Wiki ya kwanza na ya pili mzee alikula karibu kipindi chote, si kwa ubaya, ni kwamba hakuna mtu anayeshika saa. Na wale vijana wa nyuma waliokuwa wanajibu kila swali kwa maneno ya Kizungu waliyoyatoa kwenye video, mwongozaji awe anawaomba waseme kwa Kiswahili, maana wakilazimika kusema kwa Kiswahili ndipo tunajua na wao wameelewa au la. Choo ni kisafi. Viti ni vya plastiki, mgongo unauma ukishazidi saa moja na nusu.

Awamu nyingine wamesema inaanza mwezi ujao, bei ni ileile, ulizeni kabisa kuhusu kopi. Kaeni upande wa kushoto mbele, mbali na dirisha la baa. Njooni na Biblia ya karatasi kwa sababu umeme ukikatika na chaji ya simu nayo inaisha, na njooni na sweta. Na kama na wewe kuna mtu aliwahi kukuambia imani yako haitoshi, usiulize ukiwa ndani kama unaona aibu, subiri nje karibu na geti, mzee huwa haondoki mpaka mtu wa mwisho awe amepata usafiri.